Kituo Kinaitwa Banana

Mzee mmoja wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwake asubuhi moja ya Julai 2019, akiwa na miaka sitini na tisa. Hakwenda mbali. Alipandia Gongo la Mboto, akashukia Stesheni, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ni safari ambayo watu wa Ukonga huifanya kila siku huku wanasinzia. Lakini katika safari hiyo fupi mzee aligundua jambo ambalo mwanaye alikuwa amelificha karibu miaka miwili. Na aliligundua bila mtu yeyote kumweleza.

Ili kuelewa uzito wake, lazima kwanza uelewe kibanja.

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, kibanja si shamba tu. Nyumba imejengwa katikati ya migomba, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage. Mtoto anazaliwa humo, anacheza humo, na wazee wanazikwa humo humo. Mtu akiuza ng'ombe, majirani wanauliza kuna shida gani. Akiuza kipande cha kibanja, majirani hawaulizi. Wanakaa kimya, kwa sababu wanajua limefika shingoni.

Mzee huyu aliuza kipande cha juu, kile kilichopakana na barabara, mwezi Septemba 2017. Aliuza ili alipe ada ya mwaka wa pili ya mwanaye wa mwisho, aliyekuwa anasoma stashahada katika chuo kimoja jijini Dar. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye kahawa na ng'ombe mmoja. Ya mwaka wa pili haikuwa na pa kutokea. Mnunuzi alikuwa jirani, mtu wa hesabu zake, akatoa milioni moja na laki mbili. Fedha ikatumwa kwa simu siku hiyo hiyo.

Ilipofika kwenye simu ya kijana, yeye alikuwa ameshadisko wiki tatu zilizopita.

*

Kijana alifika Dar Oktoba 2016. Basi lilitoka Karagwe alfajiri, likapita Kyaka, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro, zaidi ya kilometa 1,400, na siku hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo abiria walilala njiani. Ubungo alipokelewa na baba yake mdogo, akapelekwa Gongo la Mboto, akapewa godoro sebuleni.

Chuo kilikuwa mjini. Tatizo la kwanza likawa barabara. Wakati ule pale Tazara ndiyo walikuwa wanajenga daraja la juu, lile ambalo sasa linaitwa la Mfugale na lilizinduliwa Septemba 2018. Mtu wa Gongo la Mboto akitaka kuwahi mjini kwa daladala, aamke na majogoo, na bado angeweza kukaa kwenye foleni mpaka usingizi umwishe na umrudie tena.

Bahati nzuri treni ilikuwa imeanza. Treni za abiria za ndani ya jiji zilianza Oktoba 2012, wakati Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na ndiyo maana mpaka leo watu wanaita "treni ya Mwakyembe". Zilianza njia mbili. Moja ilikuwa ya Reli ya Kati, kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, na nyingine ya reli ya TAZARA, upande wa Yombo na Mwakanga. Nauli ya Ubungo siku za mwanzo ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 100 kwa mwanafunzi. Reli hizo mbili haziingiliani hata ukitaka, maana upana wake ni tofauti. Ya Kati ni ile iliyoanza kujengwa Dar na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China miaka ya sabini ili kuifikisha Zambia baharini. Hakuna iliyojengwa kwa ajili ya mtu anayewahi kazini Kariakoo. Lakini jiji likikua, linatumia kilichopo.

Agosti 2016 ikaongezwa treni ya Pugu, kilometa kama 20 mpaka mjini. Kijana akaikuta bado mpya. Ndani ya wiki mbili alikuwa amekariri vituo kama mtoto anavyokariri sala: Pugu, Mwisho wa Lami, Gongo la Mboto, FFU Mombasa, Banana, Karakata, Vingunguti, Bakhresa, Kamata, Stesheni.

Siku ya kwanza kusikia watu wanasema "shusha Banana," alichungulia dirishani kwa hamu. Aliona maduka, bodaboda, nyaya za umeme na mabango ya simu. Mgomba hata mmoja hakuona. Jioni akapiga simu nyumbani kumsimulia mama yake, wakacheka mpaka salio likaisha.

*

Chuoni mambo hayakwenda. Sababu hazikuwa za ajabu. Alitoka shule ambayo mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa madarasa manne. Kompyuta aliigusa kwa mara ya kwanza akiwa chuo. Aliona aibu kuuliza, akawa anakaa nyuma. Mtihani ukaja, akapata masomo manne ya sapu. Akarudia, mawili yakagoma. Jina likabandikwa ubaoni kwenye orodha ile ambayo hakuna mtu anataka kujikuta.

Akaenda Mnazi Mmoja, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Halafu akarudi Stesheni, akapanda treni, akafika nyumbani. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, akamuuliza, "Masomo vipi?" Akajibu, "Mazuri, Mama mdogo." Uongo wa kwanza haukumchukua hata sekunde.

Kesho yake akaamka saa ile ile, akavaa shati lile lile, akachukua begi lile lile, akapanda treni.

Na keshokutwa yake.

Kusema kweli alipanga kusema. Alijipa muda wa wiki mbili, apate kwanza kibarua, ili akisema "nimefukuzwa chuo" aongeze haraka "lakini nafanya kazi". Kibarua hakikupatikana. Kilichokuja ni ujumbe wa simu: umepokea shilingi 1,200,000. Na baada ya dakika tano, simu ya mzee: "Mwanangu, umeiona? Nimeuza kile cha juu. Soma."

Kama kuna dakika ambayo kijana angeirudisha akipewa nafasi, ni hiyo. Mdomo ulifunguka, ukatoka neno moja tu: "Nimeiona, Tata. Asante."

Fedha hakuila kwa anasa. Alijiambia ataizungusha, izae, airudishe yote na aseme ukweli kwa kishindo. Akaungana na mwenzake waliyefahamiana kwenye treni, wakanunua mzigo wa viatu vya plastiki, wakatandika Kariakoo. Miezi miwili ilienda vizuri. Mwezi wa tatu mwenzake akapotea, na mzigo ukapotea naye. Simu ikawa haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Ndipo akaanza kubeba mizigo. Alikuwa anashukia Kamata, anatembea mpaka Gerezani, anabadili nguo kwa mama mmoja lishe aliyemkubalia amwekee begi chini ya meza ya vyungu. Maboksi, marobota, magunia. Mwanzoni alibeba kwa bega, baadaye kwa guta. Jioni ananawa, anavaa shati la chuo, anapanda treni na begi lake. Ndani ya begi kulikuwa na madaftari yale yale ya mwaka wa kwanza, na kwa sababu safari ina muda wake, akawa anayasoma. Kweli kabisa, yale masomo yaliyomwangusha aliyaelewa ndani ya behewa, amesimama, mkono mmoja juu umeshika bomba.

Wenzake wa treni wakampa jina: Profesa.

Wengine walimwita Mhaya. Mwanzoni alikuwa anaeleza, "Mimi si Mhaya, ni Mnyambo, wa Karagwe huko, Kyerwa." Wanamjibu, "Si ni kule kule tu." Mwisho akachoka. Dar ukitoka Kagera wewe ni Mhaya, ukitoka Kilimanjaro wewe ni Mchaga, yamekwisha.

Mwaka 2018 mzee alipoanza kuhangaika na ada ya mwaka wa tatu, kijana akampigia mwenyewe. "Tata, usiuze chochote. Nimepata kazi ya jioni, nitajilipia." Mzee alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu sauti ikatoka imebadilika. Alikuwa analia kwa furaha. Jumapili ile aliwasimulia watu nje ya kanisa, mmoja baada ya mwingine, kwamba ana mtoto Dar anajisomesha.

Na habari ya aina hiyo kijijini haikai mahali pamoja. Ilizunguka mpaka Isingiro.

*

Sasa turudi Julai 2019.

Mzee alikuja Dar kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa jicho la kushoto, lililokuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Ya pili aliifunga kwenye begi: koti jeusi la suti na kitenge kipya ambacho mke wake alikuwa ameshakilipia fundi. Miaka mitatu ya chuo ilikuwa imetimia. Alitaka ajue mahafali ni lini, ili mama naye apande basi.

Alikuja pia na mikungu miwili ya ndizi, kopo la senene waliokaangwa wakahifadhiwa tangu Novemba, na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Mzee wa Kinyambo hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Siku ya tatu akasema, "Kesho nipeleke nikaione hiyo shule. Na twende na hiyo treni yako."

Yeye treni alikuwa anaijua kwa masimulizi tu. Kwao reli haijawahi kufika. Baba yake, yaani babu wa kijana, ndiye aliyewahi kuipanda, enzi ambazo mtu wa Karagwe akitaka kwenda Dar alishuka mpaka Bukoba, akavuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, halafu akapanda treni inayopita Tabora. Babu alirudi na hadithi za nyoka wa chuma anayekula kuni, na watoto wakaamini.

Kijana hakulala usiku ule. Alipanga. Angempeleka mpaka nje ya geti la chuo, amwonyeshe majengo, aseme leo ni likizo, warudi. Mzee anaona vibaya, hataona ubao wa matangazo. Mpango ulikuwa mzuri. Kitu alichosahau ni kwamba jicho la mzee lilikuwa bovu, masikio yalikuwa mazima.

Treni ilikuja imejaa kama kawaida yake. Wanaojua wanajua: hupandi, unapandishwa. Lakini Waswahili wa Dar na maneno yao yote wana heshima kwa mzee. Dada mmoja mwenye beseni akainuka. "Shikamoo Mzee, kaa hapa."

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki."

Mzee akakaa, fimbo katikati ya magoti, anatabasamu. Treni ikaondoka. FFU Mombasa. Halafu mtu akapaza sauti, "Banana! Wa Banana sogeeni mlangoni!"

Mzee akageuka kwa jicho lake zima, akatazama nje muda mrefu. "Hapa ndipo Banana?"

"Ndiyo, Tata."

"Migomba iko wapi?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na yeye akacheka. Treni ikaendelea.

Karakata akapanda jamaa mmoja, kifua kama mlango, fulana imepauka. Alipomwona kijana akapaza sauti juu ya vichwa vya watu. "Profesa! Kesho kontena la vyombo linashushwa. Mama amesema uje na guta na watu wawili, usichelewe kama juzi!"

Kijana akaitikia kwa mkono tu. Jasho lilimshuka mgongoni. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama nje, anatafuna kahawa yake polepole kama hajasikia kitu. Labda hakusikia. Treni ina kelele.

Vingunguti. Bakhresa. Treni ikaanza kupunguza mwendo kuingia Kamata.

Hapo ndipo mwili wa kijana ulipomsaliti. Miaka miwili, siku sita kwa wiki, alikuwa anashukia Kamata. Breki ziliposaga tu, miguu yake ikasogea mlangoni yenyewe, mkono ukashika begi. Alishafika nusu ya njia ndipo akakumbuka.

"Tumefika?" mzee akauliza.

"Bado, Tata. Ni mbele, Stesheni."

"Mbona umeinuka?"

Hakuwa na jibu. Akarudi, akasimama pembeni ya baba yake, na kutoka Kamata mpaka Stesheni hakuna aliyesema neno.

*

Stesheni walishuka, wakaacha umati upite. Mzee akaomba wakae kidogo apumzishe magoti. Wakakaa. Mbele yao kina mama wa vitumbua, wauza magazeti, vijana wa tai wanakimbilia ofisini. Mzee akatoa punje mbili za kahawa, akampa mwanaye moja. Nyumbani, mtu akikupa kahawa ya kutafuna maana yake kaa, tuongee.

Halafu akasema kwa Kinyambo, taratibu, bila kumtazama:

"Kituo kinaitwa Banana, mgomba hakuna. Na wewe unaitwa Profesa."

Basi.

Kijana alilia pale pale, mchana kweupe, mtu mzima wa miaka ishirini na nne. Akasema yote. Sapu, ubao, benchi la Mnazi Mmoja, milioni na laki mbili, viatu vya plastiki, guta. Alipofika kwenye kipande cha juu cha kibanja, sauti iligoma kabisa.

Mzee hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliuliza maswali matatu tu.

La kwanza: "Mama yako mdogo anajua?" Hapana.

La pili: "Mwaka wa tatu uliniambia nisitume. Kwa nini?" Kijana akajibu, "Nisingeweza kuichukua mara ya pili, Tata."

La tatu lilichukua muda. "Hiyo mizigo unayobeba, unabebea wapi? Nipeleke nikaone."

Wakaenda Kariakoo badala ya chuoni. Mzee akaona guta. Akaona kontena. Akasalimiana na mama lishe anayeficha begi chini ya vyungu, akamshukuru kwa mikono miwili. Aliposikia watu wanamwita mwanaye Profesa huku wanamkabidhi mali ya mamilioni bila karatasi, hakusema kitu, lakini alisikia.

Siku mbili baadaye, kabla ya tarehe ya hospitali, mzee akaomba apelekwe panapouzwa ndizi. Kijana akampeleka Mabibo, soko lile wanaloliita Mahakama ya Ndizi. Mzee akazunguka na fimbo yake, anagonga mikungu, ananusa, anauliza bei. Mkungu ambao yeye shambani alikuwa anamuuzia mchuuzi kwa elfu nne, pale aliambiwa elfu kumi na nane. Aliuliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya.

Njiani kurudi akasema, "Wewe umesoma. Nitafutie hiyo elfu kumi na nne inapotelea wapi."

Kijana akatoa daftari lake la hesabu za biashara, lile lile la somo lililomdiskolisha. Wakalijaza usiku kucha: usafiri, ushuru, wapakiaji, mikungu inayovunjika, inayoiva njiani.

Kabla ya kuondoka, mzee akiwa na bandeji jichoni, aliweka sharti moja. "Mama yako sitamwambia mimi. Utakuja Desemba, utakaa jikoni kwake, utamwambia kwa mdomo wako."

*

Desemba ile kijana alipanda basi. Watu wa Kagera mnajua mwezi wa kumi na mbili mabasi yanavyojaa, kila mtu anakwenda kula Krismasi kwao. Wengine walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa anahesabu vituo kwa hofu. Kahama. Biharamulo. Kyaka.

Alimkuta mama anamenya ndizi. Akakaa kwenye kigoda, akaanza. Mama hakuacha kumenya. Kisu kilikuwa kinakwenda, maganda yanaanguka, kijana anaongea. Alipomaliza, kimya kikawa kirefu mpaka kuku wakaingia jikoni na hakuna aliyewafukuza.

Halafu mama akauliza swali ambalo kijana hakulitegemea. Hakuuliza habari ya fedha wala kibanja, na majirani hakuwataja.

"Siku zile ulizokuwa unakaa kwenye benchi mpaka jioni," akasema, "ulikuwa unakula nini?"

*

Mambo hayakunyooka siku moja. Mzigo wa kwanza wa ndizi, mwaka 2020, uliharibika karibu nusu kwa sababu lori liliharibikia njiani siku mbili. Wa pili ulirudisha gharama tu. Kuanzia wa nne ndipo wakaona faida. Baba anachagua migomba kule Nkwenda, anakagua mnyauko, anahakikisha mikungu inakatwa bado mibichi. Mwana anapokea Dar, anauza. Guta likabaki, lakini sasa linabeba mali yake. Mwaka 2022 akahama kwa baba mdogo, akapanga chumba Karakata, na bado akawa anapanda treni, safari hii bila begi la madaftari.

Kipande cha juu hakikurudi. Jirani alishapanda mibuni, na alipofuatwa alisema kistaarabu kwamba hauzi. Ana haki yake. Waliishia kununua kipande kingine bondeni, kidogo zaidi, mbali na barabara. Kila mzee anapotoka nje asubuhi, cha kwanza kuona ni mibuni ya mtu mwingine pale ambapo baba yake alipanda migomba. Hilo halina dawa, na kijana analijua. Kuna vitu ukivipoteza unasamehewa, lakini havirudi.

Mwaka 2024 mzee alikuja tena Dar, macho yote mawili mazima. Treni ya umeme ilikuwa imeanza, Morogoro mwezi Juni, Dodoma mwishoni mwa Julai, mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa. Kijana akampokea Dodoma kutoka kwenye basi, akamlipia tiketi ya elfu thelathini na moja, wakakaa dirishani. Saa nne hivi tu mpaka Dar. Mzee aliweka kikombe cha chai mezani na kukichunguza kama kitamwagika. Hakikumwagika. Akasema laiti babu yako angeliona hili.

Walipoipita Pugu, akasogea karibu na kioo. Nje kulikuwa na mapaa ya bati, barabara, ile reli ya zamani ikikimbia kando yao.

"Banana iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo tumeipita, Tata. Hii haisimami pale."

Mzee akacheka peke yake mpaka abiria wa mbele akageuka. Treni ikaingia kwenye stesheni mpya, ile yenye umbo la jiwe la tanzanite, hatua chache tu kutoka mahali alipotafuna kahawa na mwanaye mwaka 2019. Akashuka kwa ngazi za umeme akiwa amemshika mkono, akaomba waende kwanza stesheni ya zamani. Wakaenda. Akakaa pale pale, akatoa punje mbili.

Wewe unayesoma hapa ukiwa mjini, na kuna jambo watu wa nyumbani hawalijui: piga simu leo. Usisubiri wapande basi, maana wakifika na koti la mahafali kwenye begi, utasimama Kamata bila kutaka.